Tapeti za Pikipiki ya Munene

Kabla ya kuugua, Muasya hakugusa pikipiki ya mtu bila kuisikiliza kwanza. Mwenyewe angefika na maelezo marefu: inakunywa petroli sana, inakataa mlima, asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Maelezo hayo aliyapokea Irungu, mshirika wake, mtu wa Murang'a mwenye mdomo mwepesi, ambaye aliziba pancha na kuchomelea vyuma upande wa pili wa kibanda chao cha mabati pale Shauri Moyo. Muasya yeye aliiwasha pikipiki, akaiacha ingurume polepole, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya injini na mpini sikioni, kisha akafumba macho.

"Tapeti ya moshi imelegea," angesema. Au, "Hapana, tapeti ziko sawa. Hiyo ni cheni."

Ni mara chache sana alikosea. Watu walimletea pikipiki kutoka Eastleigh, Buruburu na hata Kayole, kwa sababu miaka hiyo pikipiki hazikuwa nyingi Nairobi, na aliyekuwa nayo aliitunza. Zilikuwa za matarishi wa ofisi, za makatekista, za wauza magazeti. Nyingi zilikuwa za zamani, na pikipiki ya zamani haivumilii tapeti mbaya.

Juu ya injini kuna valvu mbili. Moja huingiza hewa na petroli, nyingine hutoa moshi. Kila valvu husukumwa na kipande cha chuma kinachopanda na kushuka, ambacho mafundi hukiita roka, na kati ya roka na valvu sharti ubaki mwanya mwembamba kuliko ukucha. Huo mwanya ndio fundi anaourekebisha akisema anaweka tapeti. Ukiwa mpana, injini hugonga kama cherehani kuukuu. Ukiwa mdogo mno, injini hutulia na kumfurahisha mwenyewe, lakini chuma kikipata moto hurefuka, valvu haifungi sawasawa, na ile ya moshi huanza kuungua kidogo kidogo pembeni.

Muasya alifunzwa haya na fundi mmoja Mhindi kule Ngara, mzee mkali aliyemlazimisha kupima kila tapeti kwa fila, yaani vile vibamba vyembamba vya chuma vilivyofungwa pamoja upande mmoja, kila kibamba na unene wake. Lakini alipoanza kazi yake mwenyewe, fila aliiweka ndani ya mkebe wa biskuti chini ya meza, ikakaa huko. Alilegeza nati, akazungusha skrubu kidogo, akarudisha kifuniko, akapiga kiki, akasikiliza. Alirudia hivyo mpaka sauti ikawa ile anayoitaka. Sikio lilimtosha.

Nyumbani kwake kulikuwa Kaloleni, chumba kimoja katika zile nyumba za mawe za kanjo, yaani baraza la jiji, pamoja na mkewe Mukai. Mtoto wao wa pekee, Ngui, alikuwa ameajiriwa Mombasa na alikuja Krismasi. Mukai aliuza maharagwe na ndengu sokoni Burma. Jumapili walienda kanisani pamoja, yeye akikaa na akina mama, Muasya akisimama nyuma kabisa kwenye kwaya na wenzake wa sauti ya chini. Yalikuwa maisha ya kawaida ya watu waliotoka Mbooni wakiwa vijana na kuzoea mji.

Mwaka wa 1994 Muasya alianza kukohoa.

Mwanzoni alisema ni moshi wa kazini. Kisha akaanza kulowesha shuka kwa jasho, na mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya, halafu jingine. Miaka hiyo mtu akikonda hivyo, majirani walikuwa na jina moja tu la ugonjwa, nalo walilitaja kwa kunong'ona. Mama aliyekuwa akija kuomba chumvi kwa Mukai akaacha kuja. Mteja mmoja wa siku nyingi alimkabidhi Muasya ufunguo kwa ncha za vidole. Mukai hakujibizana na mtu. Alimshika mumewe mkono, akampeleka zahanati, wakaambiwa ni kifua kikuu, na kwamba kinapona akivumilia dawa.

Alivumilia. Alimeza vidonge na kila asubuhi alienda kudungwa sindano. Kikohozi kikapungua, nyama ikaanza kurudi mashavuni. Lakini jioni moja, akiwa amelala chali kitandani, alimwita mkewe.

"Mama Ngui, ni nani ameacha pikipiki ikiwaka hapo nje?"

Mukai alichungulia mlangoni. Watoto wa jirani walikuwa wakiruka kamba. "Hakuna pikipiki, Baba Ngui."

"Iko. Tapeti zake zinagonga vibaya."

"Baba Ngui, hakuna kitu hapa."

Muasya alijifunika blanketi mpaka kichwani, na ile pikipiki ikaendelea kugonga ndani ya blanketi pamoja naye.

Pale zahanati hakusema lolote. Alikuwa amemwona mwanamume wa nyumba za nyuma aliyeacha dawa katikati, akatolewa chumbani akiwa amebebwa, na aliogopa kwamba akilalamika sindano itasimamishwa. Ilipokuwa imebaki wiki ya mwisho ndipo aliposema, tena ni kwa sababu Mukai aliingia naye na kumtangulia kusema. Daktari aliweka kalamu chini.

"Hizi sindano zinaweza kuharibu masikio," alisema. "Mzee, mbona hukutuambia mapema? Tungebadilisha dawa."

"Yatarudi?" aliuliza Mukai.

Daktari alimtazama Muasya na kujibu kwa sauti ya juu, polepole. "Yaliyoenda hayarudi. Tushukuru Mungu mapafu yamepona."

Masikio hayakufa yote mara moja. Sauti nene zilibaki kwa muda, ngoma, lori, mlango ukigongwa. Sauti nyembamba zilikwenda kwanza, na mahali pake pakabaki kule kugonga kusikokoma. Jumapili ya kwanza aliporudi kanisani alisimama mahali pake kwenye kwaya, akaona midomo ikifunguka, akafungua wake. Kijana aliyekuwa kando yake alimgeukia, kisha akatazama mbele haraka. Muasya alijua amekosea wimbo au amekosea sauti, lakini ni kipi, hangeweza kujua. Jumapili iliyofuata alikaa kwenye viti vya kawaida, na mwalimu wa kwaya hakumuuliza kitu.

Kazini alirudi akiwa mwembamba lakini akitabasamu. Irungu alimkumbatia mbele ya wateja ili kila mtu aone kwamba mtu huyu haambukizi. Muasya hakumwambia habari ya masikio. Alijiambia kwamba mikono iko, macho yako, na kwamba labda, watu wakiombea, hata hayo mengine yatatulia. Mtu akimsemesha alitazama midomo. Asipoelewa alicheka.

Wa kwanza kuleta kazi ya tapeti alikuwa Munene.

Munene alisambaza magazeti Buruburu. Alfajiri alichukua marobota yake mjini, akayafunga nyuma ya Honda nyekundu ya miaka mingi, na kabla watu wa ofisi hawajatoka nyumbani, gazeti lilikuwa mlangoni. Miaka hiyo watu walikuwa na njaa ya habari, na gazeti likichelewa walikasirika kana kwamba wamenyimwa chai. Munene alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwamini Muasya kwa sababu hakuwahi kuachwa njiani.

"Fundi, imeanza kugonga," alisema, akionyesha injini.

Muasya aliona kidole, akaelewa. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha juu ya injini na mpini sikioni, akafumba macho. Alisikia kugonga. Lakini kule kugonga alikuwa amekuja nako kutoka nyumbani. Alitikisa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo. Akalegeza nati, akakaza skrubu kidogo, akarudisha kifuniko, akapiga kiki, akasikiliza. Bado inagonga. Akakaza tena. Bado. Akakaza mara nyingine, na sauti ile ndani ya kichwa chake haikupungua hata kidogo, na hapo mkono wake ukasita, kwa sababu kidole kilimwambia kwamba skrubu imeenda mbali kuliko kawaida. Munene alikuwa amesimama kando akitazama. Muasya alifunga kifuniko.

"Sasa iko sawa," alisema.

Munene alisikiliza injini yake ikinguruma bila kugonga hata kidogo. "Imetulia kama mpya," alisema, na akaenda zake.

Ilikwenda kwa wiki kadhaa. Ilianza kuwaka kwa shida, Munene akadhani ni petroli mbaya. Ikapoteza nguvu, akabadilisha plagi. Asubuhi moja kwenye barabara ya Jogoo, akiwa ameingia katikati kukwepa basi lililosimama, injini ikafa chini yake. Pikapu ya mikate iliyokuwa nyuma haikuwahi kusimama. Wapita njia walimtoa Munene barabarani mguu umevunjika chini ya goti, mfupa ukionekana, na magazeti yakiwa yametapakaa mpaka ng'ambo.

Irungu ndiye aliyeileta Honda kibandani kwa mkokoteni. Alimweleza Muasya kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, kwa maana siku hizo alikuwa amekwisha kushuku, na Muasya alisimama akitazama tangi lililobonyea. Waliifungua injini pamoja. Irungu alipoitoa valvu ya moshi, aliigeuza kwenye mwanga. Ukingo wake ulikuwa umeliwa upande mmoja kama biskuti iliyong'atwa.

Irungu aliiweka valvu mezani. Akasogea mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa Muasya.

"Husikii," alisema.

Muasya alisoma midomo. "Sisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu sindano."

Irungu alikaa juu ya tairi. Alipangusa mikono yake kwa kitambaa. Kisha akasimama tena mbele yake. "Munene anasema ni petroli ya stesheni. Ndivyo amewaambia watu wote. Hakuna mwingine ameiona hii valvu ila mimi na wewe. Mzee, acha iwe petroli."

Muasya aliichukua valvu, akaitia mfukoni mwa koti.

Alienda Buruburu Jumamosi, Mukai akiwa naye. Munene alikuwa amepanga chumba cha nyuma katika nyumba ya karani mmoja wa serikali. Alikuwa ameketi kitandani, mguu kwenye plasta juu ya mito, na mkewe, aliyeitwa Wangu, akikunja nguo. Walisalimiana. Muasya hakutaka kukaa. Aliitoa valvu, akaiweka juu ya blanketi karibu na mkono wa Munene.

"Hii ndiyo iliyokuangusha," alisema. "Si petroli. Nilikaza tapeti kupita kiasi. Masikio yangu yameharibika, sikukwambia, na nikafanya kazi ya masikio."

Kwa kuwa hakuweza kupima sauti yake mwenyewe, alikuwa amesema kwa nguvu sana, na nje mtu aliyekuwa akifua aliacha kufua. Munene aliigeuza valvu. Alipozungumza alimwangalia Mukai, ili Mukai ayapeleke maneno.

"Mwambie mguu utapona. Daktari amesema utapona, hata kama si vizuri. Lakini aliweka bisibisi sikioni. Nilimwona. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia. Hiyo ndiyo siwezi kuimeza."

Mukai alimgeukia mumewe na kuyarudia maneno yale yote, polepole, bila kupunguza hata moja. Muasya aliyapokea akiwa amesimama wima.

"Ni kweli," alisema. Halafu akauliza, "Magazeti anapeleka nani?"

Lilikuwa swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Wangu ndiye aliyejibu, akisogeza uso wake ili aonekane vizuri. "Hakuna. Kuna kijana wa Umoja ameshaanza kuitaka njia yetu. Wakubwa wa magazeti wametupa mpaka Jumatatu."

"Nitapeleka mimi," alisema Muasya.

Munene alicheka kicheko kibaya. "Na hasikii gari?"

"Nitakuwa naye," alisema Mukai.

"Sitaki," alisema Munene.

Wangu aliweka chini nguo aliyokuwa akiikunja. "Wewe hutaki, na mimi nataka. Kama wanataka kubeba, wabebe."

Hivyo ndivyo fundi wa pikipiki na muuza ndengu walivyogeuka wasambazaji wa magazeti. Baiskeli Muasya hangeweza, kwa sababu ugonjwa wa masikio ulikuwa umemwachia kizunguzungu. Akigeuza kichwa ghafla, ardhi iliinama. Walitumia mkokoteni wa Irungu. Marobota yaliletwa na gari mpaka kituo cha Hamza, wakayapakia, wakafuata barabara, yeye akisukuma na Mukai akitembea upande wa magari. Pa kuvuka, Mukai alishika mkono wa koti lake. Akivuta, Muasya alisimama. Akiachilia, alitembea. Wangu alikuwa amewatajia nyumba zote kwa rangi za malango na majina ya mbwa, na Mukai aliyashika kichwani.

Baridi ya Julai iliwakuta njiani. Kuna siku mvua ilinyesha wakavua makoti kufunika magazeti. Kuna bwana mmoja wa sehemu ya Buruburu iitwayo phase tatu aliyewafokea kwa kuchelewa, akamfokea hasa Muasya, naye Muasya akatikisa kichwa kwa adabu mpaka Mukai akamwonea huruma yule bwana anayejichosha. Sokoni Mukai alifika akiwa amechelewa, na wenzake wakamwekea nafasi. Muasya alifungua kibanda akiwa tayari ameshatembea nusu ya siku.

Kibandani hakugusa tena injini. Alikaza breki, akapaka cheni mafuta, akabadilisha matairi na nyaya. Ikija kazi ya tapeti alimwonyesha mteja njia ya kwenda Gikomba kwa mafundi wengine. Irungu alivumilia hayo kwa muda. Mchana mmoja, kazi ikiwa haba, aliinama chini ya meza, akautoa mkebe wa biskuti, akamwaga kila kitu mezani na kuitafuta fila kati ya nati na misumari. Ilikuwa na kutu. Aliisugua kwa mafuta taa, akaivuta injini moja kuukuu iliyokuwa imetupwa kwenye kona, akaiweka mbele ya Muasya.

"Yule Mhindi wako alikuwa kiziwi?" aliuliza.

Muasya hakuelewa, ikabidi Irungu arudie.

"Hapana," alisema Muasya. "Alikuwa anasikia vizuri sana."

"Na bado alipima kwa hii?"

Muasya aliichukua fila.

Hakuirudia kazi haraka. Mkono uliokuwa umezoea kungoja amri ya sikio haukujua kujiamini. Alipitisha kibamba kati ya roka na valvu, akakaza skrubu, akakivuta. Kikitoka bila kugusa kitu, mwanya ni mkubwa. Kikikataa kutoka, ni mdogo. Kati ya hayo mawili pana mahali ambapo kibamba kinatoka lakini kinashikwa kidogo, kama mtu akivuta karatasi iliyokaliwa na kitabu chepesi. Mahali hapo ndipo. Akipapata, alikaza nati huku ameishika skrubu isizunguke, kisha akapima upya, kwa kuwa mara nyingi nati ikikazwa huivuta skrubu pamoja nayo. Alilegeza yote, akaanza tena. Irungu aliendelea na pancha zake. Wiki nzima ilipita hivyo, kisha nyingine, na ile injini iliyokufa ikawa na tapeti zilizowekwa vizuri kuliko injini yoyote ya Eastlands.

Alipoanza kuchukua kazi za watu tena, alibadilisha desturi. Kila mteja alimwambia kabla ya salamu kuisha, "Mimi sisikii. Napima kwa mkono. Ukikubali, pikipiki ilale hapa, kwa sababu injini yenye moto inadanganya." Wengine waliondoa pikipiki zao. Wengine walibaki kwa ajili ya Irungu. Kulikuwa na kijana aliyesema, "Ah, fundi, mimi niko na haraka," na Muasya akamfungulia njia apite.

Plasta ya Munene ilitolewa baada ya miezi, mguu ukawa mfupi kidogo. Hakupanda pikipiki tena. Alipata kibanda cha magazeti karibu na maduka ya Buruburu, na mpwa wa Wangu akaichukua ile njia ya nyumba kwa nyumba. Siku Muasya na Mukai walipopeleka marobota ya mwisho, Munene aliwaambia asante, wote wawili, akaingia ndani. Honda, ambayo Irungu alikuwa ameiwekea valvu mpya, aliiuza kwa dalali.

Mwaka wa 1996 Honda hiyo iliingia kibandani ikiwa imepandwa na mwanamke.

Aliitwa Khalayi, muuguzi wa zahanati ya kanisa moja Mathare, mkunga, mtu wa Bungoma aliyefunzwa kuendesha pikipiki na watawa huko kwao. Watu walikuwa bado wanasimama kumtazama akipita. Alisema inagonga. Muasya hakusikia, lakini aliona tangi. Lilikuwa limepakwa rangi ya buluu, na pale lilipobonyea pamejazwa na kusawazishwa, ila si vizuri. Alipapitisha kiganja, akapajua.

"Hii siwezi," alisema.

"Kwa nini? Nimeambiwa wewe ndiye mtu wa tapeti."

Alimweleza kwa nini. Alimweleza yote, pikapu na mguu na bisibisi, akiwa ameshika usukani wa Honda kana kwamba ingeondoka. Irungu alisimama mlangoni akiwa hajui aingilie au asiingilie. Khalayi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Na siku hizi unapima kwa nini?" aliuliza, akiyatamka maneno wazi kwa midomo, kama mtu aliyezoea kusema na wazee.

Muasya alimpa fila. Alimwongoza mkono kwenye ile injini ya mazoezi, akampitishia kibamba, akamwachia avute mwenyewe. Khalayi alivuta mara moja, mara mbili.

"Sisi pia tunapima kwa vidole," alisema. "Mama akiwa katika uchungu, huoni kitu na husikii kitu. Unatia vidole unajua amefika wapi. Na ukibahatisha, mtu anakufa." Alirudisha fila. "Nakuachia mpaka kesho."

Asubuhi iliyofuata Muasya alifika mapema. Injini ilikuwa baridi kama jiwe. Alifungua kifuniko cha juu, akafungua na kile kidogo cha pembeni, akazungusha injini polepole kwa spana mpaka alama ya T, inayoonyesha pistoni imefika juu kabisa, ikakaa mahali pake, akazitikisa roka kwa vidole kuhakikisha zote mbili zimelegea. Alipima ya hewa. Ilikuwa pana, akairekebisha, akaikaza, akaipima upya. Alipofika kwenye ya moshi aliweka fila chini. Alitoka nje, akasimama jua la asubuhi likimpiga usoni, akaomba. Irungu, aliyekuwa amefika, alisema baadaye kwamba hakuwahi kumwona mtu mzima akisimama namna ile, kama anayengoja kuitwa.

Akarudi ndani, akapitisha kibamba. Akakaza kidogo. Akavuta. Kilishikwa, kikatoka. Akafunga nati, akapima, akazungusha injini mzunguko mzima na mwingine, akapima tena. Kisha akafunga kifuniko, akamwita Irungu apige kiki na kusikiliza kwa niaba yake. Irungu alisikiliza. Alimwambia inagonga kidogo sana, kwa mbali.

"Inatakiwa igonge hivyo," alisema Muasya. "Ikinyamaza kabisa, uniambie."

Khalayi alirudi tena na tena kwa miaka iliyofuata. Aliipanda Honda hiyo Mathare, Huruma, Dandora, mvua kwa jua, akiwa na mkoba wake wa kuzalisha mgongoni. Watoto wa mitaa hiyo waliozaliwa nyumbani wakati huo, wengi walipokewa na mikono iliyofika kwa pikipiki ile.

Munene alimwona siku moja akisimama kununua gazeti. Alilitambua tangi kama Muasya alivyolitambua. Alimwuliza nani anaitengeneza, naye akamwambia.

Juma hilohilo, saa za mchana, Munene alifika Shauri Moyo akichechemea. Mukai alikuwa ametoka kuleta isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, kwenye sufuria kama alivyofanya siku ambazo wateja sokoni walikuwa wachache, na Irungu alikuwa amekwenda kununua oksijeni ya kuchomelea. Munene hakumsalimu mtu. Alienda akasimama mbele ya Muasya, karibu, palipo na mwanga, ili midomo yake ionekane.

"Yule sista wa zahanati," alisema polepole, "anasema haijawahi kumwacha njiani."

Muasya aliyaangalia maneno yakitoka. "Haijamwacha," alisema.

Munene alitazama meza, spana zilizopangwa, ile injini kuukuu. Mukai alifuta benchi kwa kitenge chake, akamwonyesha akae. Akakaa, akanyoosha ule mguu mfupi mbele yake. Mukai alipakua sahani mbili, akawapa, akarudi sokoni bila kungoja.

Jioni, mezani Kaloleni, taa ikiwa kati yao ili aone, alimwuliza mumewe, "Sasa, amekusamehe?"

"Hakusema hivyo."

"Alikula?"

"Alikula. Aliniuliza kama kuna nyingine."

"Ulimpa?"

"Nilimpa yangu."

Mukai alivikusanya vyombo, akaenda kuviosha bombani.